Sharti la Espérance

Siku ya tatu ya juma, baada ya chakula cha jioni

Hapana, sikukasirika. Niliona haya tu.

Tangu niuze kampuni yangu ya vifurushi vya mapishi (pondu, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, samaki, mawese, kitunguu, vyote vimepimwa, mteja anabaki na kupika tu), kazi yangu ni kuweka pesa katika biashara za wengine na kukaa kwenye kiti. Leo nilikwenda mtaa wa Mangobo kwa Espérance. Zamani alikuwa akinifungia vifurushi, sasa anauza vyake. Nilikwenda kusaini mkataba, basi.

Nikaona jikoni wafanyakazi wake wanakata vitunguu vinene mno. Nikavua saa, nikashika kisu, nikaanza kuamuru watu. Wote wakaweka visu chini.

Espérance akapangusa mikono. "Mama Fabi, ulikuya kuweka franga ao kurudilia kazi yako?"

Sikujua, na ndilo linalonisumbua hata sasa.

Akaongeza sharti kwenye karatasi kwa mkono wake mwenyewe: nisiingie jikoni bila kuitwa. Ningeweza kukataa. Lakini miaka ile yangu ya kampuni, kama mwenye pesa angeninyang'anya kisu hivyo, ningemfukuza. Nikasaini.

Mlangoni nikashindwa kujizuia. "Asubui munaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Lakini weye ulale, mama."

Nimetega simu iniamshe saa kumi. Kuamka si kuingia jikoni.