Soksi Nyeupe Kijitoni

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Alhamisi, tarehe 12, mwezi wa tatu.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo, na goti lako nalo halijambo? Mara ya mwisho uliniambia limevimba na hutaki kulipumzisha. Najua ukifika hapa utasema "huyo naye kaanza," lakini lipumzishe. Na mumeo, yule mdogo wangu mkaidi, bado analala redio ikipiga kelele sikioni?

Huku ugenini sote tu wazima, ila mimi leo situlii. Nimeshavaa viatu mara mbili nikitaka kumfuata mtoto, nikavivua. Nimeona bora nikuandikie, mkono upate kazi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mjukuu wetu Kijiti alikuwa analia, nikakuambia jino. Halikuwa jino. Binti yangu alikuwa amekaa karibu, nami sikutaka kulichokonoa tena jambo lenyewe mbele yake.

Shule yao ina somo la msituni. Kila Alhamisi darasa lake hutoka na mwalimu kijana, watoto wanamwita Ndevu, kwenda kwenye msitu ulio mwisho wa njia ya basi. Wanafunua mawe kijitoni, wanatazama wadudu, wanachora. Mimi nilipoambiwa mtoto anatoka na shule, nilifanya kama alivyotufanyia marehemu mama mkwe wako: nilipiga pasi. Unanijua, miaka ile yote ya kunyoosha mashuka ya hospitali haijanitoka mikononi. Gauni la bluu, soksi nyeupe, viatu vinavyong'aa hata ukajitazamia. Nikamwambia asirudi na doa.

Naye hakurudi na doa. Alisimama juu ya ubao wa daraja asubuhi nzima, mikono nyuma kama mkaguzi, akiwatazama wenzake wakiwa majini hadi magotini. Ndevu alimbembeleza, akakataa.

Wiki iliyofuata akahamishiwa kundi jipya, wanaliita Kundi la Kuzoea. Hilo linakaa karibu na uzio, linaokota majani na kuyataja majina. Watoto wanne, wifi, na wote wanne wa rangi yetu. Mmoja wao baba yake ndiye mtunzaji wa msitu huohuo, na mtoto hukipita kile kijito kila siku akienda shule. Hapo ndipo Kijiti alipolia. Hakuyalilia majani. Aliniambia, "Bibi, tumewekwa upande wetu."

Binti yangu alitaka kwenda kuwasha moto shuleni na sare yake ya unesi, moja kwa moja kutoka zamu. Nikamwomba aniachie mimi, kwa kuwa mzee hata akija na hasira watu humpa kiti.

Kweli nilipewa kiti. Ndevu ni kijana mwema, na hiyo ndiyo taabu. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika. Alinieleza kwa upole kwamba amesoma kuwa familia zetu hazijazoea misitu, basi akaona watoto wakae pamoja wajisikie nyumbani. Nikamuuliza nyumbani kwa nani. Akasema ameona kwa macho yake kwamba mtoto anaogopa maji.

"Haogopi maji," nikamwambia. "Anaogopa kuchafua soksi. Mimi ndiye niliyemkataza."

Akauliza, bila ubaya, kwa nini nimvalishe hivyo mtoto anayekwenda kwenye tope.

"Kwa sababu mtoto wako akichafuka, mwalimu, watu husema alikuwa anacheza. Wangu akichafuka, husema ndivyo walivyo."

Alikwangua kwa ukucha tope lililokauka kwenye suruali yake. Kisha akasema kundi lile atalivunja. Sikumshukuru. Nilitaka, ulimi ukagoma. Ingekuwa kama kumshukuru mtu aliyekurudishia mwavuli wako mwenyewe.

Kabla sijatoka akaniomba nije siku moja niwasimulie watoto habari za msitu wa kwetu. Wewe ndiye unayejua nilivyokulia mjini, nyuma ya duka la vitabu, na siku ile nilivyopanda juu ya kiti mpaka ukaja kunitolea konokono bafuni. Nikamwambia msitu wa kwanza nilioingia maishani mwangu ni huu wake, na niliuingia nikitafuta kituo cha basi. Alicheka, nami nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani sikucheka tena. Nimezeekea hapa, wifi, na bado mtu akinitazama anaona miti nyuma yangu.

Basi leo ndiyo siku yenyewe ya Kijiti kurudi kijitoni na darasa zima, kundi lile limeshavunjwa. Asubuhi nilikuta binti yangu amenifichia pasi. Kijiti kavaa suruali kuukuu na buti za mpira za mtoto wa jirani. Nikamwambia aingie majini mpaka atosheke. Mama yake, hapohapo mlangoni, akamwambia asiachane na wenzake, akikutana na mtu msituni amsalimie kwanza, na mikono isikae mfukoni. Sikumlaumu. Mwaka jana kuna watoto wa rangi yetu walikuwa wanaokota mbegu bustanini, mama mmoja mwenye mbwa akawaitia askari. Kijiti alitutazama, mara mimi, mara mama yake, kisha akashuka ngazi polepole.

Ndiyo maana situlii. Sijui kafuata maneno ya nani. Akirudi msafi, nitajua kwamba lile Kundi la Kuzoea limeingia ndani yake, na humo Ndevu hawezi kulivunja.

Nisalimie mdogo wangu. Msalimie mkweo mshona viatu, na Bibi Kelele wa ng'ambo ya barabara, mwambie sijasahau kwamba

Ngoja, mlango wa chini umelia.

Nimerudi. Ana tope mpaka kiunoni, buti moja imejaa maji, na kichwani ana jani. Hakunisalimia. Alisema chini ya jiwe kuna mdudu anayejijengea nyumba kwa changarawe, na kwamba yeye ndiye aliyemwona kabla ya wote, halafu akaomba mkate. Sasa yuko bafuni anaimba.

Mimi nilichukua ndoo na tambara nikashuka kufuta ngazi kabla majirani hawajarudi kutoka kazini. Nikalikamua tambara, nikainama, nikabaki hivyo. Kisha nikairudisha ndoo ndani. Alama za buti zipo, wifi, kutoka mlango wa chini hadi kwetu. Jirani akiuliza, nitamwambia mtoto alikuwa anacheza.

Mungu alitulize goti lako, na atukutanishe tukiwa bado tunajuana sura.

Wifi yako akupendaye,
Mama Pasi, ambaye pasi yenyewe hajarudishiwa.