Niseme mume wangu yuko Yanonge?

Mama Angèle mpendwa,

Pole kwa mizigo ya watu unayobebeshwa kila juma katika gazeti letu la parokia, mimi ni msomaji wako tangu kabla majeshi mawili ya wageni hayajapigania mji wetu wa Kisangani juu ya vichwa vyetu, na nikiri tu kwamba nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nikisema hawa hawana mashangazi wa kuwauliza, sasa zamu yangu imefika na naomba unisaidie haraka maana Jumapili inakaribia.

Jina langu ni Katungu, nilizaliwa upande wa Butembo, nauza chumvi na sabuni sokoni, na mume wangu Osée ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Yahuma, mpole sana nyumbani lakini akipewa nafasi ya kusema mbele ya watu hajui kunyamaza. Hapa mtaani tuna parlement yetu, si ile ya wakubwa, ni sisi wakaaji tu tunaokusanyika Jumapili baada ya misa ya pili katika darasa lililobomolewa na bomu, tunazungumza habari za bomba la maji, za mabomu ambayo bado yamelala katika mashamba ya mihogo, za watoto wasiosoma, na anayeongoza ni Papa Ezéchiel ambaye zamani alikuwa karani wa gari-moshi. Kila mkutano unaanza kwa kuita majina, avenue moja moja. Tulianza hivyo baada ya vita vya siku sita, tujue nani amekufa na nani amekimbilia msituni, lakini hatukuweza kuacha kwa sababu watu waliendelea kupotea hata mabomu yaliponyamaza. Papa Ezéchiel anaita jina la mtu aliyechukuliwa na askari, mtu wa nyumba yake anasimama na kujibu kwamba hajarudi, "Hayarudia bado," na sisi wote tunasema, "Tunamungojea." Kesho yake wajumbe wetu wanakwenda na padri hadi mlango wa kambi kuuliza majina hayo hayo. Wako waliorudi kwa njia hiyo, wamekonda lakini wamerudi. Na kuna sheria tuliyoikubali wote, kwamba jina haliondolewi na mtu yeyote isipokuwa nyumba yake mwenyewe, maana nani anajua mambo ya nyumba kuliko nyumba? Nyumba ikisema mtu wetu tunajua aliko, basi, haitwi tena wala haulizwi tena kambini.

Osée alisimama wakati wa Kwaresima akasema mabati ya shule yake yameng'olewa na askari na yanauzwa sokoni, kayaona kwa macho yake, rangi ya shule bado iko juu yake. Nilimvuta suruali akae, akaendelea. Njiani nikamwambia mdomo uliponza kichwa, akacheka, akasema, "Mama, kama mwalimu ananyamaza, mutoto atajifunza nini?" Askari walikuja mchana tukiwa tunakula na watoto. Aliomba kunawa mikono wakakataa, akaondoka na lituma ya ndizi bado imeshika vidoleni, na mimi mpaka leo nikiponda ndizi naviona vidole vile.

Tangu hapo jina lake linaitwa na mimi najibu. Karibu yangu hukaa Agathe, ambaye mwanawe Lionel alichukuliwa pia, nikijibu ananishika mkono, naye akijibu namshika wake.

Sasa kuna Tonton Alphonse, ndugu wa mama yake Osée, anayeuza pombe kwa askari karibu na kambi, yeye ndiye anayeniingizia chakula cha Osée kambini. Asubuhi nampa bakuli, jioni linarudi tupu, ananiambia, "Anakula muzuri, anakusalimia." Siwezi kusema uongo, Mama, bila Tonton ningekwisha rukwa na akili. Siku moja soko lote halikuwa na kitu ila ngolo, wale samaki wa matope wenye ndevu, na katika ukoo wa baba yake Osée samaki huyo ni mwiko, hata sufuria yake hakubali ikae karibu naye. Nilipika nikilia, nikamwomba Tonton amwambie anisamehe. Bakuli likarudi na mifupa mitupu. Nikasema mwenye njaa hana mwiko, nikalia tena, halafu nikafurahi kwamba angalau amekula.

Juma lililopita Tonton alikuja, akakaa, akakataa maji, akasema, "Katungu, commandant iko tayari kumuachilia. Ila amechoka na kelele ya ile parlement yenu. Dimanche baada ya misa wakiita jina, wewe simama, sema bwana yangu iko Yanonge kule chini ya muto, alienda kutafuta samaki ya kuuza. Ni ile tu. Lundi, kesho yake, atalala kwako."

Nikamwambia, "Tonton, watu wote waliona venye walimuchukua."

"Bon, waliona. Lakini nyumba ni ya nani? Wewe ukisema, nani atabisha?"

"Na kama hawamuachilii?"

"Alors unataka afie mule juu ya kiburi ya mutaa? Mimi ndiye ndugu ya mama yake. Ezéchiel anamupenda kunipita?"

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamweleza Agathe bombani nikidhani atanifurahia. Hakukasirika. Alisema tu, "Ukimutoa wako, kesho watakuja kwangu na maneno ile ile. Na mimi nitasema nini?" Tangu siku hiyo anakuja kuteka maji saa nyingine.

Mama, nikisema Yanonge na Osée akarudi, nitakuwa mwongo mwenye mume, na hilo halinisumbui hata kidogo. Lakini nikikataa na akafa, si nitakuwa nimemuua mimi, kwa kusimama kila Jumapili na kusema hayarudia bado? Na mke anakataaje neno la mjomba wa mume wake? Niseme au nisiseme? Nipe jibu fupi, nimechoka na marefu, na nakusihi usitaje jina langu.

Ni mimi Katungu.

*

Mama Angèle anajibu:

Katungu, nakuita hivyo ingawa si jina lako. Majina ya watu wote humu nimeyabadilisha, na samaki naye si yule, kwa hiyo mjomba yeyote asipoteze muda wake kunusa sufuria za watu.

Umetaka jibu fupi. Usiseme.

Sasa kaa chini nikueleze, na machozi yangoje kidogo, kuna kazi. Pole, mwanangu, pole ya kweli. Nilipofika kwenye vile vidole vyenye lituma niliiweka barua yako mezani nikatoka nje. Mwanamke anayempikia kila siku mtu asiyemwona hastahili kugombezwa, lakini nitakugombeza, kwa sababu wanaokupenda wanakuonea haya.

Tuanze na bakuli. Mwenye njaa hana mwiko, ni kweli, mimi mwenyewe siku za mabomu nilikula vitu ambavyo sitavitaja katika gazeti la kanisa. Lakini mtu aliyevunja mwiko wa baba yake hutuma neno. Hutuma "niombee", hutuma "mke wangu, umenifanyia nini?" Tonton alikuletea neno gani siku ile? Anakula vizuri, anakusalimia. Siku ya majani ya pondu salamu hiyo, siku ya ngolo salamu hiyo hiyo. Katika barua yote sioni kwamba tangu Kwaresima umeletewa hata shati la kufua, na wewe mke wa mtu hukuuliza. Sisemi mume wako amekufa. Sijui, na wewe hujui, na Tonton anataka usimame mbele ya watu useme unajua.

Kuna jambo ambalo sikupenda kuliandika, lakini utalisoma. Barua yako si ya kwanza, ni ya tatu. Zimetoka mitaa mbalimbali, wanaoleta maneno hayo ni mbalimbali, na wanawake wote wanaambiwa Yanonge, wote wanaambiwa samaki. Mmoja aliniandikia akiwa amekwisha kusema. Alisimama katika baraza la mtaa wao, akasema mume wangu yuko Yanonge, watu wakainama, jina likaondolewa. Jumatatu alichinja kuku wake, akaweka maji ya kuoga, akakaa mlangoni. Mpaka leo. Aliporudi kuomba jina liitwe upya na wajumbe wakaenda nalo kambini, askari wa mlangoni aliwaambia, "Bibi yake mwenyewe alisema iko Yanonge. Mwende mutafute kwa maji."

Umeiona sasa kazi ya neno hilo? Halimtoi mtu kambini, linamtoa katika vinywa vya watu. Anayetaka kweli kumrudisha Osée Jumatatu ana haja gani ya wewe kuapa Jumapili kwamba hakuchukuliwa? Amlete tu. Atatembea kwa miguu yake hadi parlement na tutamwona.

Kuhusu Tonton, labda naye anadanganywa, labda wamemshika shingo, labda ndiye anayekula samaki wako. Mimi simhukumu. Mjomba anapewa kiti, anapewa maji, anapewa shikamoo ya kwao, ulimi wako hapewi. Mjibu kwa adabu kwamba huwezi kutamka lolote kabla hujapata neno la mume wako mwenyewe. Chagua kitu mnachokijua ninyi wawili tu, jambo la chumbani au la siku ya posa, umwambie akuletee jibu lake. Akileta jibu la kweli, Mungu asifiwe, mume wako yu hai, na aliye hai anaitwa kwa sauti kubwa zaidi. Asipoleta, acha kulijaza bakuli lile. Lishe watoto wako.

Kabla ya Jumapili nenda kwa Agathe. Usimvizie bombani, nenda nyumbani kwake, umwambie yote pamoja na samaki. Kisha nyinyi wawili mwende kwa Papa Ezéchiel na padri, mkawaambie ile sheria yenu ibadilishwe. Mliitunga kwa kuheshimu nyumba za watu, nami nawasifu, lakini adui ameona mlango huo na ndimo anamoingilia. Jina lisifutwe tena kwa neno la mke, wala la mama, wala la mjomba. Lifutwe siku mtu mwenyewe atakaposimama katika darasa lile na kujibu, "Niko." Na Jumapili hiyo usilale kwako, wewe na watoto mlale kwa masista, nimekwisha kuwaomba.

Unaogopa kwamba watajua ni wewe uliyeandika. Wakiuliza ni nani, tuko na wanawake watatu wenye Yanonge moja, na kila mmoja atasema si mimi.

Sikuahidi kwamba atarudi, na anayekuahidi anakuuzia kitu. Lakini usijiite muuaji. "Hayarudia bado" haikumpeleka mtu kambini, na ndilo neno la kweli pekee ulilobaki nalo juu ya mume wako. Kwa hiyo Jumapili Papa Ezéchiel akimwita Osée, simama. Ujibu kama ulivyozoea.

Mimi nitakuwepo, nyuma, karibu na ukuta uliobaki. Nitakuja na yule mama wa kuku. Kwao hakuna anayemwitia mume wake tena, ameniomba aje amwite kwenu. Mume huyo ataitwa baada ya Osée, na ninyi ambao hamkumjua, naomba mseme mnamngojea.