Boga la Maji ya Ijumaa

Jumatatu, 1 Septemba

Kamba haikufika tena. Nalipima boga unene kila asubuhi kabla ya chai, kwa ile kamba ya katani iliyokuwa ya ndoo, na pale ncha inapoishia nafunga fundo. Fundo la leo limeliacha la juzi kwa upana wa kidole. Mshipi wa suruali yangu nao nimeutoboa tundu jingine. Yeye anaongezeka, mimi napungua, na sote tuko uani humu humu.

Nimelifunika kwa shuka kuukuu lisiungue na jua. Chini nimelitandikia mchanga na nyasi kavu lisioze. Wenzake niliwakata wakiwa kama ngumi ya mtoto ili nguvu yote ya mche iende kwa moja. Mbegu aliniletea Kendi, binti yangu aliye Nanyuki, kwa mzaha. Alisema kwenye pakiti kuna picha ya boga ambalo mtu mzima hawezi kulikumbatia. Leo nimejaribu. Mikono haikutani.

Daktari aliniambia habari ya moyo wangu kwa upole, kama mwanafunzi anayemweleza mwalimu wake kwamba mtihani umemshinda. Sidhani nitaiona Krismasi. Nataka kuliona boga likikomaa. Nimefundisha jiografia tangu ujana hadi kustaafu, nimemzika mke wangu, na haja iliyobaki ni boga. Naona aibu kidogo. Si sana.

Golicha alikuja na wilbaro ya samadi ya mbuzi. Shamba lake linapakana na langu upande wa chini. Akalinyooshea boga kidole. Nikamzuia. Bibi yangu kule Meru alituchapa kwa hilo: boga changa huonyeshwa kwa ngumi, ukilinyooshea kidole linaoza. Nilipomweleza hakucheka. Kwao nako ng'ombe hawahesabiwi ovyo, wasije wakapungua. Akakunja kidole akaomba radhi kwa boga.

Rafiki gani huyo. Na mimi ni nani kwake.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefanya tena.

Niandike vizuri, maana sitamwambia mtu. Mfereji unatoka mtoni, unapita kwangu, ndipo unafika kwa Golicha. Kila shamba la huku Burat lina siku yake. Yangu ni Jumanne. Ya Golicha ni Ijumaa, kuanzia adhuhuri. Saa hiyo yeye yuko mjini msikitini. Nakiru, mama wa Kiturkana anayemlimia, hufungua maji kisha hushuka mwisho wa shamba kuyaongoza kwenye matuta ya nyanya. Pale alipo hanioni.

Nami nachukua fimbo yangu ya kutembelea, naichomeka kwenye ukingo wa tope mahali palipofichwa na majani ya boga, naizungusha. Tundu dogo tu. Maji yenyewe hulipanua. Yakinitosha naziba kwa bonge la udongo na kukanyagia nyasi.

Maji ya Jumanne yalinitosha hadi mto ulipopungua. Mche huu unakunywa kama ngamia. Nilianza mwezi jana, nikasema ni mara moja.

Jioni Nakiru alipita kuniwashia jiko, kama kila siku. Hapati chochote kwa kazi hiyo ila majani ya boga. Alisema leo maji yalikuwa mavivu. Nikakoroga uji.

Jumapili, 7 Septemba

Mchungaji alikuja baada ya ibada pamoja na wamama wa kwaya. Walipiga picha kando ya boga, mmoja mmoja, kama kando ya bwana harusi. Mchungaji anataka liwekwe mbele ya madhabahu Jumapili ya mavuno, mwishoni mwa Oktoba. Akaliwekea mkono akamshukuru Mungu aliyetupa maji wakati wa kiangazi.

Nilisema amina. Nilikuwa na furaha. Ndiyo inayonitisha, ile furaha.

Jumatano, 10 Septemba

Upepo mtupu. Vumbi la barabara limefunika kila kitu. Nimezunguka uani mpaka magoti yakakataa.

Nilitazama kwa Golicha juu ya ua. Matuta ya karibu yana nyanya nzuri. Ya mwisho majani yamejikunja, na matunda yameoza matako, meusi. Nakijua kilichofanya hivyo. Ni maji yanayokuja na kukatika.

Golicha anasema ni Nakiru. Anasema anasinzia, au anawauzia maji watu wa vitunguu walio chini. Aliniambia hayo akiwa amesimama kando ya boga langu, akilisifu katikati ya malalamiko. Nilimjibu kwamba kiangazi ni kikali.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilijiapia asubuhi kwamba leo hapana. Niliifungia fimbo chumbani. Adhuhuri majani ya boga yalikuwa yamelegea kama masikio ya punda mgonjwa. Nikaenda kuichukua fimbo.

Jumamosi, 13 Septemba

Usingizi hapana. Kamba imeongezeka tena. Sikufunga fundo.

Jumanne, 16 Septemba

Leo ningekufa kabla ya chai ningekuwa na bahati.

Golicha alimleta Nakiru mpaka uani kwangu. Alitaka kumfuta kazi mbele ya mtu mzima, ili isisemwe kwamba amemwonea mjane. Nakiru alisimama na jembe begani. Hakulia. Alisema karibu yale yale aliyoniambia mimi.

"Mimi nilifungua maji, mzee. Maji ilichoka tu njiani."

Golicha akasema maji hayana miguu ya kuchoka. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe unakaa hapa siku yote. Umeona huyu mama akipatia watu maji yangu?"

"Sijaona," nilisema.

Ni kweli sijaona. Nimesahihisha mitihani ya watoto maelfu, nalijua jibu lililo sahihi na bado ni uongo. Golicha alingoja kidogo kama ningeongeza. Sikuongeza. Akachukua kimya changu kuwa ni huruma tu, kwamba sitaki kumchongea mama wa watu. Akamwambia Nakiru aache jembe aende.

Nakiru alilipangusa tope lile jembe kwa kiganja kabla ya kuliegemeza kwenye mlango wangu. Hata aliponipita alisema nikumbuke dawa.

Jumatano, 17 Septemba

Jiko halikuwashwa. Nimekunywa maziwa baridi. Kendi alipiga simu, anataka nihamie Nanyuki kwake. Nikasema siwezi kuliacha boga. Akacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Ijumaa, 19 Septemba

Golicha alisali nyumbani leo. Alikaa juu ya debe kando ya mfereji na sepetu mapajani, akiyachunga maji yake mwenyewe. Nami nilikaa ndani. Nilikuwa na hofu ya kwenda hata chooni.

Maji yakafika. Yalijaa mpaka tuta la mwisho, yakamwagika njiani. Bila shaka yalifika.

Alikuja mlangoni ametapakaa tope, anang'aa uso. "Umeona, Mwalimu? Nilikuambia ni yule mama."

Nilimpa kikombe cha chai. Alikinywa amesimama, akanishukuru.

Nimekuwa na woga siku moja tu, na woga wangu umekuwa ushahidi dhidi ya Nakiru.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Miguu imevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Daktari alinieleza zamani: moyo ukichoka kusukuma, maji hubaki mwilini, huteremka miguuni. Nimeitazama miguu yangu muda mrefu. Imejaa maji. Sikuweza kucheka.

Boga nalo limepauka upande mmoja, rangi ya machungwa inaanza. Zuri. Nalichukia. Hapana, silichukii. Ndiyo shida yenyewe.

Sitaki kuzikwa huku Golicha akinililia kando ya kaburi bila kujua.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesema.

Nilimwita kutoka uani. Salaam aleikum, akaitikia, akauliza miguu inaendeleaje. Nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yalipotea. Nikamshika mkono nikampeleka hadi ukingoni, nikayafunua majani. Bonge la udongo lilikuwa pale, limekauka, na nyasi zangu juu yake. Nikalitoa kwa ncha ya fimbo.

Kisha nikalinyooshea boga kidole. Cha shahada, kimenyooka. Sikumbuki kama nilikusudia.

"Maji yako yamo humo," nilimwambia. "Nakiru hakuuza hata tone. Ni mimi."

Golicha aliichukua fimbo mkononi mwangu. Akachuchumaa, akaichomeka kwenye lile tundu. Iliingia sawasawa. Alibaki pale chini. Nilifikiri angeivunja. Aliichomoa, akaifuta kwa kitambaa chake cha begani, akanirudishia kwa sababu sikuweza kusimama bila hiyo.

"Siku ya Ijumaa, Mwalimu," alisema. "Mimi niko kwa msikiti, kichwa chini."

Akaenda. Wilbaro yake iliyokuwa kwangu akaisukuma ikiwa tupu. Gurudumu lililia hadi kwake.

Nilidhani nitahisi wepesi. Sihisi. Nahisi kama mtu aliyetapika, bado mdomo ni mchungu.

Jumatano, 24 Septemba

Jana ilikuwa zamu yangu ya maji. Sikufungua. Niliyaacha yaende kwa Golicha, na sikumwambia.

Leo nilichukua bodaboda hadi kwa Nakiru. Kijana wa pikipiki aliendesha polepole kama amebeba mayai. Nakiru alikuwa anasuka mkeka wa ukindu nje ya nyumba. Alinipa kigoda. Nilimweleza yote, hata fimbo, hata majani yaliyonificha, ambayo ndiyo niliyokuwa nikimpa akapike.

Alisuka mpaka mwisho wa ukindu aliokuwa nao. Kisha akauliza neno moja tu.

"Na wakati alikuuliza, mbona hukusema?"

Nilimwambia nilitaka boga.

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Kama vile hesabu imekataa. Kuhusu kazi, alisema Golicha alimfukuza kwa mdomo wake mwenyewe, basi amwite kwa mdomo huo huo. Asitume mzee mgonjwa. Nikasema hakunituma. Akasema basi afadhali.

Mchungaji nilimpigia simu nikamwambia hakuna boga la mavuno. Akauliza limeoza? Nikasema aliyeoza ni mwenye boga. Akasema atakuja. Nikamwomba asubiri.

Ijumaa, 26 Septemba

Majani yanaanguka. Kamba haisogei tena. Kikonyo kimepasuka. Bibi angesema ni kidole. Mimi nasema ni kiu, lakini sitabishana naye, tutaonana karibuni.

Niliiona baiskeli ya Golicha ikienda upande wa kina Nakiru. Sikuiona ikirudi, nililala kitini.

Jumanne, 30 Septemba

Wamekuja wote wawili. Golicha mbele na panga, Nakiru nyuma na sufuria kubwa ya kukodishwa harusini. Niliposikia lango nilijiambia basi, lolote liwe.

Golicha hakunisalimia. Alilizunguka boga mara moja, akalifunua shuka, akasema kuliacha lioze ni dhambi ya pili. Akalikata kikonyo. Waliliviringisha hadi kivulini, naye akalipasua kwa panga na nyundo kama mtu anayepasua kuni. Ndani kulikuwa na pango. Kichwa cha mtu kingeingia. Nyama yake nyembamba kuliko nilivyodhani, na nyuzi, na maji yakitiririka kwenye vumbi.

Nakiru alitia chumvi, akawasha jiko langu. Tulingoja liive. Kuku walikula nyuzi.

Halikuwa na ladha. Nimekula maboga tangu sina meno mpaka sasa ambapo sinayo tena, sijapata kula boga baya namna ile. Halikuwa tamu, halikuwa chungu, halikuwa na unga hata kidogo. Nakiru alitafuna akatazama pembeni kwa adabu. Golicha alimeza, akakaa, akaingiza mkono sahanini tena, akameza tena. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Haya ni maji yangu," alisema. "Nayajua."

Nakiru ndiye aliyeanza kucheka. Aliweka kiganja mdomoni, kikashindwa. Golicha akafuata, huyo ambaye hacheki na mdomo wazi. Mimi nilicheka hadi kifua kikauma, wakaninyanyua wakanilaza kitini, Golicha akishika miguu yangu iliyovimba kana kwamba ni ya mtoto.

Alikula sahani mbili. Alisema haachi kitu chake nyumbani kwa watu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mbegu ziko juu ya shuka, zinakauka. Nakiru amechagua zake. Nimemwambia boga lililolazimishwa kunywa haliliki, basi azipande azinyweshe kwa kiasi. Akasema hilo hakuhitaji kwenda shule kulijua.

Golicha hajarudi kuwa yule wa zamani. Anaongea nami kwa uangalifu, kama anayekanyaga daraja lililotengenezwa upya. Sina haki ya zaidi. Lakini jioni alipita langoni akasema kesho ataenda mjini kusali. Akaliweka debe lake kando ya mfereji, upande wangu.

"Nakiru atapeleka maji chini," alisema. "Wewe keti hapa, uchunge."

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeketi juu ya debe tangu adhuhuri. Nakiru alinifunga shuka mabegani. Fimbo nimeilaza nyuma yangu.

Maji yalikuja na uchafu kwanza, majani, kandambili ya mtoto, kisha yakawa safi. Yalipita mbele ya miguu yangu. Mahali palipokuwa na tundu Golicha ameshindilia mawe.

Nakiru alipaza sauti kutoka chini. Yamefika.

Kuna wingu dogo upande wa Meru. Nimebaki hapa, nayatazama yakipita.