Hatua Mbili Shambani Qurus

Karatu,
Jumatatu jioni

Kaka yangu Aloyce,

Najua ulipouona mwandiko wangu ulitaka kumrudishia kondakta wa basi bahasha yake. Tafadhali isome. Simu zangu hupokei mwaka wa pili sasa, tangu ule ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, na ndiyo maana naandika. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Goti la Mama linaendeleaje na hiyo baridi ya Rombo? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya kuwateremsha wageni kreta ya Ngorongoro ipo, vumbi tunalila, mgongo unalalamika. Siku nisizo na safari nalima maharage kwenye shamba nililokodi Qurus.

Sasa sikia. Jumuiya yetu ilikuwa inasoma zile Heri za Mlimani. Mwenyekiti wetu, Mama Salome, akasema kusoma tu hakutoshi. Akaandika kila heri kwenye kikaratasi, akatia kwenye ungo, kila mtu achukue moja aiishi wiki nzima, kisha Jumamosi aje aseme imemshinda wapi. Mimi nikaokota "Heri wenye upole." Walicheka hao! Mama Salome akasema, "Gaudence, hapo Mungu hajakosea nyumba."

Nikajitahidi, kaka. Jumanne dereva mwenzangu alinichomekea gari pale foleni ya geti la Lodoare, nikanyamaza kimya. Nikajiona mtakatifu kabisa.

Alhamisi akaja jirani yangu wa shamba, Mzee Amsi, Mwiraqw mmoja anayeongea taratibu. Alinikuta naosha gari. "Mwanangu," akasema, "mbuzi wangu wameingia kwenye maharage yako. Nimekuja mwenyewe, usije ukasikia kwa watu." Basi! Upole wote ukaniruka. Nilimfokea mzee wa umri wa marehemu baba yetu mbele ya wapangaji wenzangu, nikamwita mzembe, na mengine sitayaandika hapa. Yeye alisimama tu, kofia mkononi. Nilipoishiwa pumzi akaniuliza, "Umemaliza? Haya, twende tukaone."

Tukaenda. Mbuzi walikuwa wamekula mistari miwili ya pembeni, si zaidi. Nikamuuliza kwa nini anawapitisha hapo. Akasema hiyo ndiyo njia yao ya kwenda majini tangu zamani, mimi ndiye niliyeilima. Akafunua majani akanionyesha jiwe la mpaka, liko katikati ya maharage yangu. Nilikuwa nimeingia kwake hatua mbili tangu masika. Nikamuuliza, mbona hakusema? "Nilikuona unalima mbio mbio, umetoka safari umechoka. Nikasema akivuna nitamweleza." Halafu akaniomba tena radhi kwa ajili ya mbuzi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi! Nilikaa chini pale pale nikalia, mwanaume mzima.

Jumamosi niliwasimulia jumuiya, wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani na aibu, kwa sababu sikuwaambia hasa kilichoniliza.

Kaka, yale masale ya mpakani, ile mimea inayotenga upande wako na wangu, ni mimi niliyeyahamisha. Ulikuwa umekwenda msibani Tarakea. Niliyang'oa nikayasogeza upande wako, nikayamwagia maji yashike. Kwenye kikao cha ukoo ukasema yamehamishwa, wazee wakakuita mwongo, Mama akalia, na mimi nikakaa pale natikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa. Sikukosea kupima. Nilijua.

Nisamehe. Kwetu anayeomba msamaha huleta jani la sale, nami nimeshindwa kukutumia. Nitalichuma wapi, kwenye hayo hayo?

Msomee Mama barua hii, usimfiche kitu. Nisalimie shemeji yangu, mwambie chai yake naikumbuka hata kama hatanipa tena. Nisalimie shangazi Veronika, ambaye peke yake alikuamini siku ile. Baba mdogo Severini aliyeongoza kikao mpelekee salamu zangu, kisha mpe naye asome.

Masale yaache yalipo, usiyaguse. Krismasi nakuja. Tukitoka misa, saa nne asubuhi, majirani wote wakipita, utasimama unionyeshe yalipokuwa, nami nitachimba.

Mdogo wako,
Gaudence