Chungu cha Eliya

Rulenge, Jumatano usiku

Nimechoka, Bwana wangu. Leo Eliya amevimba tena mdomo, pumzi zikawa za shida mpaka tukamkimbiza hospitali.

Yatima huyu wa kambini karanga zinamdhuru, ndiyo maana pale chekechea namtengea chungu chake. Kumbe Mama Devota, mpishi mwenzangu, alimwonea huruma, akamchotea uji wetu wa karanga.

"Dada, unambagua mkimbizi hata kwenye uji!" akanifokea nilipomuuliza. Wazazi wa watoto wengine nao wakaguna pamoja naye.

Nimewaeleza tangu Kwaresima. Lakini huku kwetu kumpikia mtu peke yake ni kumwambia aondoke.

Anapumua sasa. Kesho nitamtengea tena, nao watamwonea huruma tena. Bwana, sina maneno mengine ya kuwaambia.