Maji ya Moto ya Ponsiano

Kidawa, nina hasira mpaka sasa. Hivi huyu Ponsiano ndiye niliyeolewa naye?

Si unaijua sola yetu? Betri zikijaa mchana, umeme unaobaki unachemsha maji ya tangi. Leo mama yake Mwamvita, yule mpangaji wetu aliyejifungua juzi, kaja na ndoo kuomba maji ya kumkanda mzazi.

Ponsiano hata shikamoo hakumpa! Kamwambia, "Maji hayo ni ya familia."

Ya familia! Na mwenyewe alikuwa anaoshea gari!

Mama wa watu kasema tu, "Haya baba," akageuka.

Nikampokonya Ponsiano ndoo yake ya kuoshea gari, nikaisuuza, nikaijaza.

"Margareth, unanidhalilisha."

"Umeshajidhalilisha. Beba umpelekee."

Kabeba, shoga. Viatu vinalowa, mpaka mlangoni kwa Mwamvita. Sikumwonea huruma hata chembe.