Ng'ombe Ndani ya Kitabu cha Kusomea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mpwapwa sote tu wazima. Bibi yako amekwisha kuvuna uwele.

Unauliza kitabu chako cha kufundishia lugha umpe mchapishaji au ukichape mwenyewe. Enzi za Wajerumani, nilipohitimu ualimu na kiburi changu, niliandika kitabu cha kusomea Kigogo. Mmisionari alikubali kukichapa, ila nifute somo la majina ya ng'ombe kwa rangi zao. Nilibishana naye, kisha nikakinakili mwenyewe kwa mkono, somo lile likiwemo, nakala tano tu.

Huko Gulwe, nilikokuwa nikifundisha, wanafunzi walipolisoma somo lile kwa sauti, mfugaji mzee asiyejua kusoma alisikia jina la ng'ombe wake, akaingia polepole.

“Mwalimu, ng'ombe wangu kaingiaje humo?”

Mimi mbishi sikubishana; nilimwonyesha jina lile kwenye ukurasa.

Mchapishaji atakufikisha mbali. Muulize kwanza kama ng'ombe wetu naye ataruhusiwa kusafiri.

Babu yako